MAMBO YA NYUMBANI: Mzigo wa Kwenda Kwetu na Namna ya Kuufunga



Mwezi huu safu yetu inaingia katika jambo ambalo karibu kila nyumba yetu hapa Uingereza hulifanya angalau mara moja kwa mwaka, nalo ni kufunga mizigo ya kupeleka Mombasa, Lamu, Unguja, Pemba, Dar es Salaam na kwengineko tulikoacha wazee na ndugu. Maswali yanayotufikia kila mara ni ya bei: wakala gani anachukua kwa rahisi, nani anafikisha mpaka mlangoni, nani anachelewesha. Ni maswali ya haki, na kila anayetafuta riziki kwa jasho lake anastahiki kuyauliza. Lakini bei huisha siku ile unapoilipa, ilhali namna ulivyofunga husafiri pamoja na mzigo hadi siku unapofunguliwa.

Na mzigo ukifika umeharibika, hasara haiishii kwenye vyombo. Bibi aliyeahidiwa blanketi hulipokea limeota ukungu, akadhani amepelekewa kitu kikuukuu kilichotupwa na wenyewe. Shemeji ambaye ameambiwa kwa simu kwamba fungu lake limo, na fungu likakosekana, hujiuliza ni nani aliyelichukua, na aghalabu jawabu analojipa ni jina la mtu wa karibu. Udugu wa miaka hutiwa doa kwa sababu ya utepe wa gundi ulioachia njiani. Kwa hiyo tusilione jambo hili kuwa ni la wanaume wawili wenye nguvu na kamba jioni ya Jumapili. Ni amana, na amana ina namna yake ya kutunzwa.

Asili ya hasara nyingi ni kwamba tunaufunga mzigo kana kwamba utakaa pale pale sebuleni tunapoufungia. Hebu tuufuate kidogo. Gari la wakala huuchukua mlangoni na kuupandisha juu ya mingine. Hulala ghalani wiki moja, mbili, au hata mwezi, ukingoja kontena lijae. Kontena linapojazwa, mpangaji haangalii thamani ya kilichomo bali nafasi iliyobaki, na huenda boksi lako la vikombe likabebeshwa pipa la kilo 100. Huko Felixstowe au London Gateway kontena huinuliwa kwa winchi na kuwekwa melini, na mara nyingi hushushwa na kupakiwa upya katika bandari nyingine ya njiani kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam. Mzigo wa Unguja huenda ukavuka tena mpaka bandari ya Malindi. Baada ya hapo ni forodha, ambako hufunguliwa na mtu asiyeufunga. Kisha ni mkokoteni. Kisha ni bega la hamali katika kichochoro kisichopitisha gari. Katika mikono yote hiyo hakuna hata mmoja unaojua kwamba ndani mna seti ya chai ya marehemu mama. Ajuaye ni yule aliyefunga, naye hayupo njiani.

Muda nao si wa kuutegemea. Mnamo tarehe 23 Machi 2021 meli iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez ikaufunga kwa siku 6, na mizigo ya dunia nzima ikachelewa. Tangu Novemba 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi kuacha njia ile na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka na nauli zikapanda. Haya hayamo katika uwezo wetu, ila kuyahesabu kumo. Anayetaka nguo za Idd zifike kabla ya mwezi kuandama, na ahesabu miezi 3 kamili, tena asisahau kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko ule wa miladia. Tarehe aliyopelekea mzigo mwaka jana haitamfaa mwaka huu. Na ikiwa ndani mna vyakula, atazame tarehe ya mwisho ya kutumika kwa jicho la mpokeaji, si kwa jicho la mnunuzi.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Wengi wetu hutumia maboksi ya bure yanayookotwa nyuma ya maduka, na hasa yale ya ndizi, kwa kuwa ni magumu. Ugumu yanao, lakini yana matundu ya kupitisha hewa, na tundu linalopitisha hewa hupitisha maji, mende na vidole vya watu. Boksi la kusafiri na liwe zima, lisilo na alama ya kulowa, na liwe la kuta mbili. Namna ya kulijua ni rahisi: tazama ukingo wake ulipokatwa. Ukiona mawimbi ya karatasi ya safu moja tu, hilo ni la kuhamia nyumba ya mtaa wa pili. Ukiona safu mbili za mawimbi zimelaliana, hilo ndilo. Nguvu ya boksi imo zaidi katika pembe zake nne zilizosimama. Pembe iliyobonyea haitengenezeki kwa utepe, hata ukiuzungusha mara kumi.

Wala usichukue boksi kubwa kwa tamaa ya nafasi. Boksi ambalo mtu mmoja hawezi kulinyanyua hutupwa, na hilo si kwa ubaya wa makuli bali kwa udhaifu wa mgongo wa binadamu. Vitabu, vyombo vya udongo na vyuma viende katika maboksi madogo. Mito, mashuka na nguo ziende katika makubwa. Kilo 20 hadi 25 kwa boksi moja zatosha.

Pipa la plastiki lenye mkanda wa chuma mdomoni ni bora kuliko boksi kwa safari ya baharini, kwa sababu halilowi na halibonyei. Hata hivyo pipa lina tabia yake: huviringishwa. Ukiandika "juu" kwa wino mwekundu hakuna atakayelisimamisha kwa heshima ya maandishi yako. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya pipa kifungwe kana kwamba kitalala ubavu na kupinduka, maana kitalala na kitapinduka. Vizito vikae chini, vyepesi juu, na vya kuvunjika vikae katikati vikizungukwa na nguo pande zote.

Kuna jambo jingine la pipa ambalo wachache hulifikiria. Pipa halirudi. Likishafunguliwa Chake Chake au Kisauni huoshwa na kuwekwa uani kuwa la maji, na watoto hunywa humo kwa miaka. Hapa mapipa yaliyotumika huuzwa kwa bei nafuu, na baadhi yake yalibeba dawa za viwandani ambazo harufu yake hutoka kwa sabuni lakini sumu yake haitoki. Uliza lilikuwa na nini kabla ya kulipa. Chagua lililokuwa la chakula, na lenye alama ya bilauri na uma iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe. Muuzaji asiyejua lilikuwa na nini, muachie pipa lake.

Tukija kwenye ufungaji, adui wa kwanza ni nafasi tupu. Watu hudhani vyombo huvunjika kwa kuangushwa. Kwa kweli vingi huvunjika kwa kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi za mtikisiko wa gari na meli. Kitu kisichopata nafasi ya kusogea hustahimili mengi. Na boksi lisilojaa lina hatari ya pili: likiwekewa uzito juu, hubonyea hadi kufikia vilivyomo, kwani hakuna cha kulisaidia kutoka ndani.

Cha kujazia si lazima kinunuliwe. Plastiki ya vijipovu ni nzuri kwa kioo na vyombo vya umeme, lakini kwa mengine tunayo mataulo, kanga, mashuka, soksi mpya za watoto na madira, ambavyo vyote vilikuwa viende huko huko. Sahani iliyofungwa kwa kanga imepata kinga, na mpokeaji amepata kanga. Hifadhi karatasi za magazeti kwa vitu ambavyo wino hautaviharibu, kwani wino wa gazeti huhamia kwenye vyombo vyeupe na nguo za rangi nyepesi. Jambo moja tuliangalie sana: tusijazie wala tusifungie kwa mifuko ya plastiki ya madukani. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na si vyema mama mzee aitwe forodhani kujieleza kwa mifuko aliyotumiwa na mwanawe. Foronya hufanya kazi ile ile kwa uzuri zaidi. Makopo ya plastiki yenye mifuniko, yale ya kuwekea unga na sukari, nayo yanafaa, na kule huwa zawadi nyingine.

Sahani tuzipange zikisimama kwa ukingo kama vitabu katika rafu, kila moja imevikwa peke yake. Sahani iliyolazwa hupokea uzito wa zote zilizo juu yake, na ya chini kabisa ndiyo hulipa. Vikombe na bilauri vijazwe karatasi au soksi ndani kwanza, ndipo vifungwe nje. Chini ya boksi itangulie tabaka nene la nguo au karatasi zilizokunjwakunjwa, upana wa vidole vinne, na juu kabla ya kufunika liwepo jingine kama hilo. Halafu lifunge kwa muda, linyanyue, ulitikise taratibu karibu na sikio. Boksi likisema neno, lifungue tena ulitafute lililosema. Usilifunge moja kwa moja mpaka liwe bubu.

Utepe uwe ule mpana wa kufungia maboksi, si ule mwembamba wa kufungia zawadi, wala ule wa karatasi wa mafundi rangi, ambao huachia mara tu hewa inapokuwa na unyevu. Pitisha mara mbili katika mshono wa katikati, chini na juu, kisha funga mishono yote ya kando. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia maboksi, lakini fundi wa maboksi angewaunga mkono.

Adui wa pili ni maji, na hapa hatusemi mvua wala mawimbi. Kontena ni chumba cha chuma. Mchana jua hulichoma mpaka ndani kukawa kama tanuri. Unyevu uliomo katika maboksi, mbao na nguo hutoka ukawa mvuke. Usiku chuma hupoa, mvuke ule hugeuka matone katika dari, na matone huanguka juu ya mizigo. Mabaharia huliita jambo hili jasho la kontena. Kontena lililofungwa Januari katika baridi na unyevu wa nchi hii, likapita kwenye joto la tropiki, hutoa jasho jingi bila ya tone moja kuingia kutoka nje. Na boksi la karatasi likikaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu mwingi hupoteza takribani nusu ya nguvu yake ya kubeba, hata kama halikuguswa na maji. Ndiyo maana boksi lililokuwa imara Leicester hufika Mombasa limelegea kama mkate uliotiwa katika chai.

Kinga kubwa ni ukavu kabla ya kufunga. Nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, ikaonekana kavu, mara nyingi haijakauka. Ishike kwenye mishono na ukandani. Blanketi moja lenye unyevu ndani ya pipa lililofungwa barabara latosha kuambukiza pipa zima, kwa kuwa sifa ile ile inayozuia maji yasiingie huyazuia yasitoke. Vile vijipakiti vya silika vinavyopatikana ndani ya viatu na mikoba mipya tusivitupe. Ila tujue kwamba kijipakiti kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya jozi moja ya viatu, na kukitia ndani ya pipa ni kama kukausha ua kwa leso. Viwe vingi, au viwekwe pamoja na kile kitu kimoja kinachohitaji zaidi. Kwa maboksi, tandika ndani kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza, kikunje kifunike vilivyomo, ndipo ufunge. Kitambaa kile kitatandikwa mezani siku ya Idd.

Katika mambo yanayoharibu zawadi kwa urahisi kabisa ni kuchanganya sabuni na chakula. Sabuni za kunukia, poda, dawa za kusafishia na majani ya chai vikikaa miezi 2 katika pipa moja lenye joto, chai huwa sabuni. Biskuti nazo hunyonya harufu hata zikiwa ndani ya pakiti yake. Ikiwa pipa ni moja tu na vyote havina budi kwenda, basi chakula kiingie ndani ya makopo yenye mifuniko ya kubana, na sabuni zifungwe mbali nayo, mwisho mwingine wa pipa. Chupa za shampuu na mafuta zifunguliwe, mdomoni uwekwe mkato wa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, kifuniko kirudishwe na kukazwa. Zisijazwe hadi juu, kwa sababu joto huyavimbisha yaliyomo na yatatafuta pa kutokea.

Kuhusu dawa, tuseme waziwazi: dawa za wazee zisiende kwa meli. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 25 au 30, na insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa katika jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Ndani ya kontena lililo juani hakuna anayeyasoma maandishi hayo. Kidonge hufika na rangi ile ile na umbo lile lile, na mgonjwa hukimeza kwa imani. Dawa na iende na msafiri anayeaminika, katika pakiti yake ya asili, pamoja na cheti cha daktari, baada ya kuuliza masharti ya nchi inakokwenda.

Vitu vya kuwaka moto navyo vinataka tahadhari. Betri za lithiamu ndizo zilizomo katika simu, kompyuta za mkononi na zile betri za akiba za kuchajia simu. Ikiharibika moja, huwaka kwa moto usiozimika kwa wepesi. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka Dubai kwenda Cologne ikiwa na betri nyingi za namna hiyo miongoni mwa shehena yake. Moto ulizuka angani, na marubani wote wawili wakafa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazopelekwa peke yake, bila ya kuwa ndani ya chombo chake, haziruhusiwi kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria. Mwambie wakala kila kitu chenye betri. Wala usiifiche katika soksi. Manukato yenye spiriti, rangi za kucha, makopo ya kupulizia na viberiti vya gesi ni katika kundi hilo hilo la kuulizia kwanza. Na jamani, yale makaa ya kufukizia udi yanayoshika moto kwa kiberiti kimoja! Yamefanywa yawake upesi, na hayatachagua kuwakia chetezoni tu. Kwetu hakujakosekana makaa.

Pia tusipeleke nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, hata zikiwa safi. Tanzania imezikataza kuingizwa kama mitumba, na hata bila ya katazo, aibu ya kupekuliwa mbele za watu yatosha.

Misahafu na vitabu vya dini vina adabu yake katika kufungwa. Visitiwe chini ya viatu wala visitumike kuziba pengo. Vivikwe kitambaa safi, vilazwe bapa na si kusimamishwa, kwani kitabu kilichosimamishwa kwa muda mrefu bila ya kuegemezwa hulegea mgongo, kisha viwekwe juu kabisa ya boksi lao wenyewe. Nje ya boksi hilo andikeni kilichomo. Tumeona mara nyingi kwamba makuli wa pwani yetu wakilisoma neno lile hulishika boksi kwa mikono miwili.

Sasa orodha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila boksi na pipa liwe na namba, na kila namba iwe na orodha yake: nakala moja ndani, juu kabisa, moja kwako, moja kwa mpokeaji kabla mzigo haujaondoka. Andika vitu kwa majina yake na idadi yake, na thamani ya kweli. Neno "zawadi" si ufunguo wa forodha, na orodha isemayo "nguo kuukuu" juu ya boksi lenye simu tatu mpya humfanya afisa apekue hadi soksi ya mwisho, tena ana haki. Simu zetu zina kamera. Piga picha kila tabaka unapolipanga na picha ya mwisho ya boksi lililofungwa, huku sahihi yako ikiwa imepita juu ya utepe na karatasi pamoja. Sahihi iliyokatika katikati itasema mengi bila ya mtu kumtuhumu mtu.

Pipa linaposhirikiwa na nyumba tatu au nne, jambo hili huwa zito zaidi. Kila nyumba na ifunge fungu lake ndani ya foronya, ilishone mdomo kwa uzi wa rangi yake, na iandike jina la mpokeaji kwa kitambaa kilichoshonewa, si kwa karatasi. Mwenye pipa asifungue foronya ya mtu ili kusawazisha nafasi, hata kwa nia njema. Ikiwa haitoshi, na airudishe kwa mwenyewe ikiwa imeshonwa vile vile.

Jina la mpokeaji liwe lile la kitambulisho chake. Sisi sote tunamjua Mama Asha wa nyuma ya msikiti, lakini forodha haimjui, na Mama Asha wa nyuma ya misikiti ni wengi. Andika majina yote matatu, namba mbili za simu, mtaa na shehia au kata, na alama ya karibu kama shule au kisima. Muulizeni wakala mapema kama itatakiwa namba ya mlipakodi ya mpokeaji, yaani PIN kwa Kenya na TIN kwa Tanzania, badala ya kuitafuta wakati mzigo umeshafika na gharama za ghala zinahesabiwa kwa siku. Maandishi yawe pande mbili za ubavuni, kwa wino usiofutika, maana yaliyo juu hufunikwa na boksi la mwenzio.

Kwa wale wanaopeleka kwa ndege, hesabu hubadilika. Ndege hutoza uzito au ujazo, kile kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 ni sentimita za ujazo 120,000, nalo litahesabiwa kuwa kilo 20 hata kama ndani mna mito miwili. Kampuni za vifurushi vya haraka aghalabu hugawanya kwa 5000, na boksi hilo hilo likawa kilo 24. Kwa hiyo boksi la ndege hupunguzwa hadi likibane kilichomo, na la meli hujazwa mpaka liseme basi.

Neno fupi kwa vinavyotoka kwetu kuja huku: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Uingereza kutoka Afrika Mashariki katika kifurushi cha nyumbani, hata iwe nyama kavu ya kuwekea akiba ya Ramadhani. Waambieni wasipoteze fedha zao. Ng'onda, kwa wanaoagiza, ifungwe mara tatu, kwa sababu majirani zetu hapa hawajaizoea.

Ama mpokeaji, naye ana kazi. Ahesabu vipande kabla ya kutia sahihi, na kama kimoja kimelowa, kimebonyea au utepe wake si ule wa pichani, aandike hivyo kwenye karatasi ya wakala kabla ya kuirudisha. Afungue mbele ya mtu mwingine mzima wa nyumba, orodha mkononi. Kilichovunjika kipigwe picha kikiwa ndani ya boksi, kabla hakijatolewa, na boksi lisichomwe wala kutupwa mpaka wakala ajibu. Wenye kukata bima wajue kwamba makampuni mengi hayalipi vilivyovunjika katika boksi lililofungwa na mwenyewe, bali hulipa likipotea lote; wasome karatasi kabla ya kulipa. Na mpokeaji akishahakiki, apige simu siku ile ile, hata kama kila kitu kimefika salama. Huku mtu hukaa akingoja.

Wabillahi tawfiq.